Mwisho wa Mstari Si Mali ya Programu

Miaka michache iliyopita niliketi na shangazi yangu huko Majita, upande wa ziwani wa Musoma Vijijini, nikaandika maneno ya Kijita ambayo vijana wa mjini hawayatumii tena: majina ya samaki, ya mitego, ya pepo zinazovuma ziwani, ya sehemu za mtumbwi. Kila neno lilipata mstari wake, na maana yake ya Kiswahili pembeni. Nilipomaliza nikamtumia faili rafiki yangu aliyekuwa Bunda, mtu anayeijua tahajia ya Kijita kuliko mimi. Akarekebisha maneno matatu, akanirudishia.

Nikaliweka faili lake sambamba na langu ili nione ni maneno yapi matatu aliyoyagusa. Kompyuta ikanijibu kuwa kila mstari umebadilika, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa macho sikuona tofauti yoyote. Ilinichukua jioni nzima kugundua kwamba programu aliyotumia ilibadilisha alama isiyoonekana iliyoko mwishoni mwa kila mstari. Masahihisho matatu ya thamani yalifukiwa chini ya mamia ya mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaomba.

Basi swali langu ni hili. Programu inaposoma faili la maandishi, ikabadilisha kitu, kisha ikaliandika upya, ina mamlaka gani juu ya miisho ya mistari? Mimi naamini haina mamlaka yoyote, mpaka mwenye faili aiombe. Wapo wanaoona jambo hili ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Katika mkoa wenye lugha nyingi kama Mara, ambako maandishi yote ya lugha fulani yanaweza kutosha kwenye mafaili machache, sikubaliani nao.

Tuanze na taipureta. Karani alipofika ukingoni mwa karatasi alisukuma wenzo, na mambo mawili yakatokea: sehemu inayobeba karatasi ilirudi mwanzo wa mstari, na karatasi ikapanda nafasi moja. Kwa karani lilikuwa tendo moja. Kwa mashine yalikuwa mawili. Simu za maandishi zilipoanza kuchapa zenyewe, kila tendo lilipewa alama yake. Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, aliziingiza alama hizo katika msimbo wake wa simu mwaka 1901. Mwaka 1963 msimbo wa ASCII ulipotolewa Marekani, alama ya kurudi mwanzo wa mstari ilipewa namba 13, na ile ya kushuka mstari mmoja ikapewa namba 10. Nitaziita rudi na shuka.

Mashine maarufu ya wakati huo, Teletype Model 33, ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Kichwa chake cha kuchapa kilipotoka ukingo wa kulia kwenda wa kushoto, muda wa herufi moja haukukitosha. Kwa hiyo rudi ilitangulia, shuka ikafuata, na wakati karatasi inasogea kichwa kilikuwa bado kinamalizia safari yake. Hivyo ndivyo desturi ya kuziandika alama hizi kwa jozi ilivyopata nguvu: chuma kilihitaji muda wa kutembea.

Kompyuta zilipoacha kutegemea chuma hicho, kila ukoo ulichukua njia yake. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, ulifuata mtangulizi wake Multics na kubaki na shuka peke yake. CP/M ya Gary Kildall, ya mwaka 1974, ilishika jozi. MS-DOS ikairithi mwaka 1981, na Windows inaitumia hadi leo. Macintosh ya mwaka 1984 ilichagua rudi peke yake, ikaiacha ilipohamia Mac OS X mwaka 2001. Simu za Android, ambazo ndizo kompyuta za watu wengi wa Bunda na Butiama, zimejengwa juu ya Linux, kwa hiyo mstari ulioandikwa huko kwa kawaida huishia kwa shuka tu. Faili likitoka kwenye simu, likapita kwenye kompyuta ya Windows ya duka la steshenari, likahifadhiwa kwenye seva ya Linux iliyoko mbali, limevuka mipaka miwili ambayo aliyeliandika hakujua kama ipo.

Sasa twende Butiama. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922, hakuacha hotuba tu. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya Kaisari iliyotoka mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* ya mwaka 1969, na mwaka 1996 zikachapishwa tenzi zake ndefu za Injili na Matendo ya Mitume. Utenzi ni mfano mzuri wa kuonyesha kile kinachobebwa na mwisho wa mstari. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina kinachopita utenzi mzima. Katika miswada mingi ya zamani ya hati za Kiarabu, ubeti mzima uliandikwa kwenye mstari mmoja, na mapambo madogo yakatenganisha vipande. Vitabu vya hati za Kilatini vikaja na desturi nyingine: kila kipande mstari wake, na nafasi tupu baada ya kila ubeti. Mapambo ya mnakili yalihamia kwenye mwisho wa mstari.

Ukiuandika utenzi kama huo kwenye faili tupu la maandishi, lisilo na mitindo wala majedwali, hakuna kingine kinachosema kipande kinaishia wapi isipokuwa alama ile isiyoonekana. Alama moja inamaliza kipande, mbili zinafunga ubeti. Kwa miaka mingi Notepad ya Windows haikuitambua shuka iliyokuja peke yake. Faili la ushairi lililotoka kwenye mashine ya Linux lilifunguka kama mstari mmoja mrefu usio na pumzi. Microsoft ilirekebisha hilo mwaka 2018 tu. Utenzi ukivurugika hivyo, mjuzi wa mizani anaweza kukaa na kuupanga upya, kwa sababu vina na hesabu ya silabi vitamwongoza.

Lakini vuka kivuko kutoka Kisorya, wilayani Bunda, uingie Ukerewe, nyumbani kwa Euphrase Kezilahabi. Diwani yake *Kichomi* ya mwaka 1974 iliwakasirisha wengi kwa kuacha vina na mizani. Katika ushairi wa aina hiyo mstari unakatika pale mshairi alipoamua ukatike, na hakuna kanuni ya nje inayoweza kukurudishia uamuzi wake. Ukizifuta alama za mwisho wa mistari umefuta sehemu ya shairi, na hata msomaji hodari hataweza kuapa kuwa amelirudisha lilivyokuwa.

Kuna uharibifu mwingine ambao ni wa polepole, nao naona ni mbaya zaidi kwa sababu hujidhihirisha umechelewa. Katika Windows, programu nyingi zikiandika faili kwa hali ya maandishi, kila shuka inatanguliziwa rudi bila kuuliza. Sasa tuseme programu imesoma faili lenye jozi kama lilivyo, bila kutafsiri, kisha ikaliandika kwa hali ya maandishi. Shuka iliyokuwa na rudi yake inapewa rudi ya pili. Mzunguko unaofuata inapata ya tatu. Vihariri vingine huihesabu rudi ya ziada kuwa mstari kamili, na kila kipande cha utenzi kinafuatwa na nafasi tupu. Hapo mpaka wa ubeti umepotea, kwa maana nafasi iliyokuwa ya ubeti peke yake sasa imegawiwa kila mstari.

Waliobuni umbo la picha la PNG, lililotolewa mwaka 1996, walilijua tatizo hili vizuri mno. Kila picha ya PNG inaanza na namba nane: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Namba za pili hadi za nne ni herufi P, N na G. Baada yake imewekwa jozi ya rudi na shuka, na mwishoni shuka peke yake. Ni mtego. Picha ikipita kwenye njia inayogeuza miisho ya mistari, kama FTP, njia ya kuhamishia mafaili, ilivyofanya watu walipoiacha katika hali ya maandishi, ama jozi itavunjika ama shuka ya mwisho itaongezewa mwenzake. Programu ya kufungua picha ikisoma namba hizo nane inatambua mara moja kuwa faili limeguswa. Picha zilipewa mlinzi mlangoni. Maandishi ya kawaida hayana.

Na maandishi ya kawaida ndiyo yanayobeba kazi ya lugha za Mara. Kutoka Musoma, shirika la SIL limefanya kazi na jamii za lugha za mkoa huu katika tahajia na tafsiri: Kijita na Kikwaya ziwani, Kizanaki cha Butiama, Kiikizu cha Nyamuswa huko Bunda, Kingoreme na Kiikoma cha Serengeti, na nyingine. Zana kadhaa za fani hiyo duniani hutegemea mafaili ya maandishi yenye vitambulisho vinavyoanza na mkwaju uliolalia nyuma. Kitambulisho kimoja kinasema hapa inaanza sura, kingine kinasema hapa ni aya, kingine kinasema huu ni mstari wa ushairi.

Zitazame zana mbili. Katika USFM, umbo la mafaili ya tafsiri za Biblia, mstari wa ushairi unatangazwa kwa kitambulisho chake, \q1 au \q2. Mwisho wa mstari wa faili hauhesabiwi kuwa zaidi ya nafasi kati ya maneno. Zaburi haivunjiki kwa sababu mpaka wa mstari umeandikwa waziwazi. Ni busara ileile ya mnakili wa zamani: usiuache mpaka wa kipande utegemee upana wa karatasi, uwekee alama inayoonekana. Katika Toolbox, iliyotumika kutengenezea kamusi nyingi za lugha ndogo, kitambulisho lazima kikae mwanzo wa mstari. Ukiunganisha mistari, neno la Kijita, aina yake na maana yake vinakuwa uji mmoja, na kamusi haifunguki. Mafaili yote mawili ni ya maandishi tupu, yote yana mikwaju, lakini moja linastahimili kuguswa na jingine halistahimili. Programu inayolipokea faili kutoka nje haiwezi kujua kwa hakika imepewa la aina gani.

Hapo pia ndipo masahihisho yangu matatu yanapopata uzito. Tahajia za lugha hizi bado zinajadiliwa na wenye lugha. Kijita kina irabu tano kama Kiswahili. Kingoreme kina saba, na herufi tano za a, e, i, o, u hazitoshi. Kila mabadiliko ya tahajia ni makubaliano ya watu, ya wazee waliosikilizwa na walimu walioandika. Kinachotuwezesha kufuata makubaliano hayo ni ulinganisho wa faili la jana na la leo. Git, programu ya kutunza historia ya mafaili iliyoanzishwa mwaka 2005, inalinganisha mstari kwa mstari. Ukigeuza miisho yote kwa mpigo mmoja, historia inasema kuwa siku ile mtu mmoja aliandika kamusi nzima upya. Waliochangia kabla yake wanatoweka kwenye kumbukumbu ya kila mstari. Kwa lugha yenye waandishi wachache, hilo ni kosa kubwa.

Programu hufanyaje basi? Nimeona tabia kadhaa, na si zote zina uzito sawa.

Iliyo rahisi kwa mtengenezaji ni kuandika kwa desturi ya mashine iliyopo. Lugha ya programu ya Python ikiachwa bila maelekezo hufanya hivyo: inaposoma hugeuza rudi, shuka na jozi zote kuwa shuka, na inapoandika hutoa jozi kwenye Windows na shuka kwenye Linux. Msimbo uleule, faili lilelile, matokeo mawili kwa sababu tu mmoja alikaa Musoma na mwingine Bunda na mashine tofauti. Dawa ipo na ni fupi: kufungua faili kwa newline='' wakati wa kusoma na wakati wa kuandika, na hakuna kinachotafsiriwa.

Tabia ya pili ni kukagua faili, kuona mwisho upi umetumika zaidi, kisha kuandika mistari yote kwa mwisho huo. Ni nafuu, na kwa faili safi inatosha. Tatizo ni mafaili mchanganyiko, na huku kwetu mchanganyiko ni jambo la kawaida: mistari ya kwanza iliandikwa kwenye kompyuta ya ofisi, mingine ikaongezwa kwa simu kijijini, mingine ikabandikwa kutoka kwenye ujumbe. Programu inayofuata wengi inawabadilisha wachache, na hao wachache ndio waliokuja kutoka kijijini.

Ya tatu, ninayoitetea, ni kuuchukua kila mstari pamoja na mwisho wake, kubadilisha maneno yaliyoombwa, na kuurudisha mwisho uleule mahali pake. Mstari mpya ukiingizwa, na ufuate jirani yake. Na kama mstari wa mwisho wa faili haukuwa na alama yoyote, ubaki hivyo. Kazi si ngumu. Inataka tu mtengenezaji asikimbilie kuigawa matini kwa zana ya mkato halafu kuiunganisha kwa shuka. Katika Python, zana iitwayo splitlines hukata si kwenye rudi na shuka peke yake bali pia kwenye alama ya 12, ile ya kufungua ukurasa mpya, na kwenye alama nyingine kadhaa za Unicode. Ukikata nayo na kuunganisha kwa shuka, kurasa za mswada wa zamani zinageuka mistari, na huwezi tena kujua ukurasa ulikuwa wapi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu: kwa nini tusikubaliane wote tutumie shuka peke yake, tusafishe kila faili, tumalize? Ndani ya mradi mmoja nakubali kabisa. Timu ikiamua, ikaandika uamuzi wake kwenye faili la .gitattributes, ikageuza yote siku moja kwa badiliko moja lisilochanganywa na jingine, imefanya vyema. Hapo mwenye mali ameamua. Lakini nje ya mradi, hata sheria zenyewe hazikubaliani: barua pepe tangu kanuni ya SMTP ya mwaka 1982 inataka jozi, maelezo ya CSV ya mwaka 2005 yanataja jozi, na kisomaji cha XML kwa kanuni hugeuza jozi kuwa shuka. Hati ya Linux inayoanza kwa kutaja programu ya kuiendesha itagoma ikiwa mstari wake wa kwanza unaishia kwa jozi, kwa sababu mashine inatafuta programu ambayo jina lake linaishia na rudi. Mahali pamoja jozi ni lazima, pengine ni sumu. Programu isiyojua faili linakwenda wapi haina msingi wa kuchagua.

Kuna kinga za kawaida ambazo hazihitaji ufundi. Ukitaka mtu wa Bunda apate faili lako kama lilivyo, litume kama faili. Usifungue, ukanakili maneno na kuyabandika kwenye ujumbe, kwa sababu hapo umetuma maneno tu na umeziacha alama nyuma. Ukilituma kwa barua pepe, liambatishe. Ukiwa na mkusanyo wa hadithi au maneno ya wazee, nakala ya kwanza ifungie mahali ambapo haitahaririwa na mtu, na uhariri nakala yake. Na kabla ya kumpa mtu faili alisahihishe, muulize atatumia programu gani. Rafiki yangu nilimuuliza baadaye. Tulizitenganisha tofauti za alama na tofauti za maneno, tukayapata masahihisho yake matatu. Mawili yalihusu majina ya mitego, moja jina la upepo.

Kwa kijana wa Musoma, Bunda au chuo kikuu cha Butiama anayejifunza kutunga programu, nina ombi moja. Kabla hujampa mtu chombo chako, chukua faili lenye miisho ya kila aina, rudi, shuka na jozi, na mstari wa mwisho usio na alama. Lifungue kwa programu yako, usibadilishe chochote, lihifadhi, kisha linganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Yasipokuwa sawa, usikitoe chombo hicho bado.